Kuhusu zile falme zako mbili

Mwanangu,

Meseji yako nimeisoma. Unauliza kwenye hiyo hadithi unayoandika, zile falme mbili ulizoziunganisha kwa ndoa, uzivunje na vita ama mfalme wa tatu afe bila mtoto. Mimi nakuuliza, siku ya harusi waliahidiana nini? Muungano hauuliwi na adui, unauliwa na ahadi kuliwa polepole. Umenisikia nikisema hivyo tangu ukiwa mdogo na bado nitasema.

Halafu kufa bila mtoto mara nyingi ndiko kunaleta muungano. Mfalme Sebastião wa Ureno alikufa vitani Moroko 1578, hana mke hana mtoto, kiti kikaenda kwa Kardinali Henrique, mzee na kasisi, naye akafa 1580. Felipe II wa Uhispania, ambaye mamake alikuwa binti wa mfalme wa Ureno, akadai urithi na akatuma jeshi. Lakini 1581 pale Tomar, mji wa Ureno, alipokubaliwa kuwa mfalme wao pia, aliapa: sheria zenu zibaki, pesa zenu zibaki, vyeo vya Ureno wapewe Wareno. Akakaa Lisbon hadi 1583. Hata Fort Jesus, ile tulienda ukiwa darasa la saba jua likakuliza, Wareno walianza kuijenga 1593 mfalme wao akiwa huyo huyo.

Mtoto wake alipotawala akaja Ureno mara moja tu, 1619. Kwa mjukuu ndio waziri wake Olivares akaanza kutaka kodi zaidi na wanajeshi.

Hapo ndio mimi nakumbuka soko la Gikomba. Shangazi yako alipoolewa, si familia mbili ziliweka vibanda pamoja, na wazee wakasema mbele yetu sote kila upande utakuwa na ufunguo wake na kitabu chake cha hesabu? Hakuna aliyegombana na mtu. Kitabu kikawa kimoja, eti ni rahisi, halafu mtumba mzuri ukawa unafunguliwa sisi hatujafika, halafu asubuhi moja nimefika na nyanya yako tukakuta kufuli mpya, na kijana hata hatumjui anamwambia nyanya yako angoje mwenyewe aje. Mwenyewe! Nyanya yako alikaa kwa gunia na kibeti chake mapajani mpaka saa nne, hakusema kitu. Mimi hiyo sijaisahau.

Sasa utaniambia Mama, na Waholanzi je? Ni kweli, walikuwa wanapigana na Uhispania wakazigeukia bandari za Wareno, Recife kule Brazil wakaichukua 1630. Labda bila wao Wareno wangevumilia miaka mingine. Labda. Lakini mtu huvumilia hasara kama bado anaheshimiwa kwake, na 1640 wakuu wa Ureno waliitwa waende wakasaidie kuzima uasi wa Catalonia, jimbo la Uhispania, vita si vyao. Tarehe 1 Desemba wakaingia ikulu Lisbon, wakamuua katibu Miguel de Vasconcelos, Mreno mwenzao, mwili wakautupa dirishani, na Duke wa Bragança akawa João IV. Uhispania ilikubali uhuru wao 1668, baada ya vita virefu. Kwa hivyo vita viweke, lakini viweke mwishoni.

Nani alikosea kati ya nyanya yako na wale wengine nisiseme, Krismasi tunakula meza moja, ingawa ulimi unaniwasha. Na malkia wako pia sitamhukumu mpaka unitumie ile sura anayoapa.

Ila weka na mji mmoja unaokataa kurudi. Ceuta, mji wa pwani huko kaskazini mwa Afrika, Wareno waliichukua 1415, lakini 1640 ilibaki na mfalme wa Uhispania, na iko kwa Uhispania mpaka leo. Watu wa mji kama huo waliambiana nini usiku ule wenzao Lisbon wakisherehekea? Hiyo ndio sura nataka kusoma.

Mama yako