Mama aliyezoea diazepamu tangu msiba asiiache kwa siku moja

Ndugu yangu, umeeleza kwamba mama yako aliyeko Kibosho aliandikiwa diazepamu ya miligramu 5 wakati wa msiba wa mzee, akaendelea kuinunua mwenyewe kila ilipokwisha, na sasa mjomba wako amemwambia kuwa hizo ni dawa za kulevya na azitupe leo leo. Jibu langu la kwanza ni kwamba asizitupe. Mjomba hajakosea kuwa na wasiwasi, kwa sababu dawa hii kwa kawaida hutolewa kwa wiki chache tu, lakini njia anayoipendekeza ina hatari kubwa kuliko kumeza kidonge cha usiku wa leo. Mimi si daktari. Nimemuuguza mama mkwe wangu hapa Moshi, mtaa wa Pasua, hadi alipoachana na dawa hiyo hiyo, na ninayoyaandika yakusaidie kujua la kuuliza hospitalini.

Diazepamu, ambayo wazee wengi huijua kwa jina la Valium lililoingia sokoni mwaka 1963, huipa nguvu GABA, kemikali ya ubongo inayotuliza mfumo wa fahamu. Ubongo unaotulizwa hivyo kila usiku kwa miezi mingi huizoea hali hiyo na kupunguza utulivu wake wenyewe, kwa hiyo dawa ikiondolewa ghafla mtu hubaki kama gari linaloteremka kutoka Kibosho bila breki. Hukosa usingizi, hutetemeka, hutoka jasho, moyo humwenda mbio, na hofu inayomjia huweza kuzidi ile aliyokuwa nayo msibani. Baadhi ya watu hupata degedege, ambalo huweza kuua hata mtu ambaye hajawahi kuugua kifafa maishani mwake.

Kinachowapotosha wengi ni kwamba mambo haya hayaji siku ile ile. Mwili huhitaji saa 20 hadi 50, na kwa wazee hata zaidi, kuondoa nusu tu ya diazepamu, na kemikali ambayo ini huitengeneza kutokana nayo hukaa muda mrefu zaidi nayo ikiendelea kutuliza. Famasi tuliyoizoea ilipoishiwa dawa, mama mkwe aliona Mungu amemfungulia mlango wa kuacha. Siku za kwanza alikuwa mzima kabisa, akaenda hadi kanisani. Baadaye mlio wa sufuria iliyoanguka jikoni ulitosha kumliza, na mikono ilimtetemeka hadi chai ikawa inamwagika kwenye sosa kabla haijafika mdomoni. Ndugu walisema ugonjwa umerudi, na mmoja akataja uchawi. Daktari wa kliniki ya afya ya akili alimsikiliza, akauliza swali moja tu, lini amemeza kidonge cha mwisho, kisha akamrudishia dawa na kupanga namna ya kuipunguza.

Miongozo ya kitabibu ya siku hizi huzungumzia kupunguza asilimia 5 hadi 10 ya dozi kila baada ya wiki 2 hadi 4, na kusimama kwanza pale mwili unapokataa. Kwa mtu aliyetumia muda mrefu, hiyo ni kazi ya miezi, na daktari ndiye anayepanga hatua zenyewe. Uliza mapema kama vinapatikana vidonge vya miligramu 2, kwa sababu kile cha miligramu 5 hugawanyika vizuri nusu kwa nusu, lakini ukitaka robo, wembe husaga zaidi ya kukata, na hujui tena mgonjwa amemeza kiasi gani.

Sasa nije kwenye jambo ambalo hukulitaja, nalo kwa maoni yangu ndilo la haraka kuliko yote: mama anachanganya diazepamu na nini? Ukifika nyumbani, omba akuonyeshe mfuko wake wa dawa. Katika mfuko wa mama mkwe tulikuta vibahasha vilivyoandikwa «1x1 usiku» bila jina la dawa, na mfamasia alipovikagua alitambua kimoja kuwa ni amitriptilini, dawa ya sonona ambayo pia hutolewa kwa maumivu, na kingine tramadoli ya mgongo. Zote mbili huongeza usingizi, na tramadoli imo katika opioidi, kundi la dawa kali za maumivu, ambalo likikutana na benzodiazepini, yaani kundi la diazepamu, huweza kupunguza pumzi hadi mtu asiamke. Mwaka 2016 mamlaka ya dawa ya Marekani iliagiza onyo la ngazi ya juu kabisa kuhusu mchanganyiko huo. Piriton ya mafua nayo humwongezea usingizi, na omeprazoli ya vidonda vya tumbo huichelewesha diazepamu kutoka mwilini, jambo ambalo muuzaji hawezi kulijua asipoambiwa.

Kisha kuna mbege, pombe yetu ya ndizi. Wazee wetu hawaihesabu kuwa pombe, na ukimuuliza bibi wa Kichagga kama anakunywa atakujibu kwa moyo safi kwamba hanywi, huku kata ya mbege ilimpitia jana kwenye ubarikio wa mjukuu. Uliza kwa kuitaja mbege yenyewe. Mtu anayetumia diazepamu hapaswi kunywa kileo chochote, hata kidogo.

Wakati dozi inashuka, mlinde asianguke. Dawa hii hulegeza misuli na kuharibu mwendo, na kwa umri wake kuvunjika nyonga ni jambo zito. Kama choo kiko nje, awe na taa na mtu wa kumsindikiza, hasa mvua za masika zinapoifanya njia ya mgombani kuteleza. Kuhusu usingizi wenyewe, kilichomsaidia mama mkwe ni kuamka saa ile ile kila siku hata kama usiku alilala kidogo, na kuacha kahawa baada ya mchana.

Mkimbize hospitali bila kusubiri miadi akipata degedege, akianza kuona au kusikia vitu visivyokuwepo, akichanganyikiwa, au akilala usingizi mzito usioamshika huku pumzi ikiwa ya polepole. Nenda na vibahasha vyote.

Kabla ya siku ya kliniki, hakikisha vidonge alivyonavyo vinatosha kufika hapo, na kama havitoshi omba miadi ya karibu zaidi. Vikae kwako au kwa dada yako, kwa sababu majirani wakishajua vipo huja kuomba viwili vitatu vya kumlaza mgonjwa wao. Ukipata majina ya dawa zote na miligramu zake, yaandike hapa chini nikuambie yapi ya kumuuliza daktari, ila hesabu ya kupunguza muachie yeye.