Uzio wa uani kwenye udongo wa mbuga, Dodoma: usikimbilie ukuta wa tofali

Mkuu, nimesoma maelezo yako mara mbili. Umehamia Dodoma kutoka Dar, kiwanja kiko bondeni, ardhi ni nyeusi na kiangazi inapasuka hadi mkono unaingia. Jirani wa nyuma amepandisha ghorofa na sasa uani kwako hakuna siri. Fundi anakwambia mpandishe ukuta wa tofali wa mita mbili, msingi futi mbili. Umeuliza kama hiyo ni sawa.

Kwa udongo huo, mimi nakusihi usijenge hivyo. Nimeishi kwenye udongo wa mbuga hapa Dodoma, nimejenga uzio wa kwangu na nimesimamia wa ndugu zangu, na kuta za tofali nilizoziona zikipasuka mitaani ni nyingi kuliko zilizosimama vizuri. Hela ya ukuta ni hela ya kusomesha mtoto. Inauma kuona mtu anaipoteza kwa sababu hakuna aliyemweleza ardhi yake inavyofanya kazi.

Udongo wa mbuga hunywa maji ukavimba, ukikauka unasinyaa. Hapa kwetu mvua ni ya msimu mmoja, kuanzia Desemba hivi mpaka Aprili, milimita 500 na kitu kwa mwaka, kisha miezi mingi ya ukavu. Kwa hiyo kila mwaka ardhi inapanda na kushuka. Ingepanda sawasawa pande zote pengine ukuta ungevumilia, lakini haipandi hivyo. Pale mnapomwaga maji ya kufulia panavimba, penye mwarobaini mizizi inakausha, karibu na shimo la choo pana unyevu mwaka mzima. Ukuta mmoja mrefu unasukumwa juu hapa na kuachwa ukining'inia pale. Tofali haijui kupinda, inakatika. Ukiona ufa unaopanda kwa ngazi kufuata viungo vya mota, ile saruji ya kuunganishia tofali, ujue ni ardhi inayocheza, na hata saruji iongezwe vipi, ufa utarudi msimu ujao. Wenzetu wa Kitengela na Athi River kule Kenya wanalia na udongo wa aina hii hii.

Ukuta unawezekana, sikatai. Lakini ni ukuta wa namna nyingine: nguzo za zege zenye nondo zinazoshuka chini sana, mkanda wa zege unaopita juu ya ardhi bila kuigusa ili udongo ukivimba usiusukume, na ukuta wenyewe ukatwe vipande vya mita tano au sita, kila kimoja kijitegemee. Hiyo ni kazi ya kuchorewa na mhandisi, na gharama yake ni ya kujengea chumba. Kwa kusitiri uani tu, sioni sababu.

Unachohitaji ni uzio mwepesi, wenye nguzo zinazosimama kila moja peke yake, na paneli zinazoweza kucheza kidogo bila kuvunjika.

Kabla hata ya kununua ubao, shughulikia hilo ghorofa, maana hapo ndipo watu wengi wanapotupa hela. Chukua kwamba jirani akisimama kwenye baraza yake ya juu, macho yake yako mita nne na nusu kutoka chini, na baraza iko mita sita kutoka mpakani. Ukiweka uzio wa mita mbili mpakani, mtu aliyekaa kwenye kigoda anafichika akiwa ndani ya mita mbili hivi kutoka kwenye uzio. Aliyesimama anafichika mita moja tu. Jiko lako lililo mita nane kutoka hapo anaendelea kuliona kama kawaida. Ukipandisha ukuta hadi mita tatu umeongeza mzigo na upepo, na jikoni bado panaonekana. Dawa ya macho ya juu iko karibu na unachokificha: kichanja cha nguzo nne juu ya sehemu ya kupikia na kuogeshea watoto, ukitandaze mabanzi au upandishe bogenvilia. Uzio wa mpakani uachie kazi ya macho ya chini, ya wapita njia na majirani wa kawaida. Kwa hiyo kaa kwenye kigoda pale mama anapopikia, kisha simama, angalia nani anakuona kutoka wapi. Huenda ukakuta unahitaji uzio mrefu upande mmoja na nusu tu, na kwingine waya unatosha.

Sasa nguzo. Zipo njia mbili ninazoziamini hapa. Ya kwanza ni nguzo za mkaratusi zilizotiwa dawa, zile za kijani zinazotoka Mafinga na Njombe. Ya pili ni paipu za chuma za mraba zilizopakwa rangi ya kuzuia kutu ndani ya shimo na nje. Nguzo ya mti usiotiwa dawa usiichimbie Dodoma. Mchwa wa hapa hawasubiri mwaka. Kuna wanaopaka oili chafu ya gari wakidhani wamemaliza. Mimi siipendi, inaoshwa na mvua, inachafua ardhi ya uani ambako watoto na kuku wanashinda, na mchwa wanarudi. Nguzo ya dawa ukilazimika kuikata, upande uliokatwa uwe juu na uufunike na kipande cha bati, upande wa kiwandani uende shimoni, kwa sababu dawa imeingia nje tu na moyo wa mti uko wazi ulipokatwa. Na tafadhali, vipande vinavyobaki visiingie jikoni. Dawa ile ina sumu, moshi wake hauchezewi.

Shimo ndilo lenye siri ya kazi yote. Mafundi wengi wanachimba shimo pana juu na jembamba chini kwa sababu ndivyo sururu inavyokwenda. Kwenye mbuga hiyo ni hatari: udongo ukivimba unashika ile zege pana ya juu na kuinyanyua, mwaka baada ya mwaka, mpaka nguzo inang'oka kama jino. Unataka kinyume chake. Juu shimo liwe jembamba, ukubwa wa nguzo na nafasi ya kiganja pande zote, na chini kabisa ulipanue kwa mtarimbo na kopo la kuchotea. Kina kiwe mita moja hadi mita moja na robo kwa uzio wa mita 1.8. Chini tandika kokoto ili maji yasituame kwenye kitako cha nguzo. Kuta za shimo zipigwe laini na uzifunike nailoni nzito sehemu ya juu, udongo ukivimba uteleze badala ya kung'ang'ania zege. Zege ni moja kwa mbili kwa nne, yaani saruji moja, mchanga mbili, kokoto nne, juu kabisa ilainishwe kwa mteremko ili maji yakimbie nguzo.

Kina hicho hakifiki chini ya udongo unaocheza, mbuga ya hapa inacheza chini zaidi ya hapo. Ndiyo maana nasisitiza uzio uwe mwepesi. Nguzo zikipishana kwa sentimita moja au mbili, paneli za mbao zinafuata, na ukiona imezidi unalegeza skrubu unarekebisha.

Muda mzuri wa kuchimba ni Mei na Juni. Mvua zimeisha, ardhi bado ina unyevu wa kiasi na sururu inaingia. Ukingoja Oktoba utachimba jiwe, na zaidi ya hapo ardhi iko kwenye kusinyaa kwake kwa mwisho, ikivimba Januari inakusukuma kwa nguvu yake yote. Zege ya hapa inakauka haraka mno kwa sababu ya hewa kavu na upepo. Ifunike na gunia lenye unyevu kwa wiki moja, usimwage ndoo za maji shimoni.

Upepo nao usiusahau. Kiangazi, hasa kuanzia Agosti, Dodoma ina upepo mkubwa wa kutoka mashariki. Fanya hesabu: paneli isiyo na tundu ya mita 2.4 kwa 1.8 ikipigwa na upepo wa kilomita 70 kwa saa inasukumwa kwa nguvu inayozidi uzito wa kilo 100, tena juu, mbali na shimo. Uzio wa bati tupu unaoyumba Septemba ndio unaolegeza mashimo, halafu mvua za Desemba zinaingia kwenye ule mwanya na mambo yanaharibika kabisa. Kama ni lazima bati, chukua geji 28, ile ya 32 ni nyembamba zaidi na itapiga kelele usiku kucha, na weka nguzo kila mita mbili.

Mimi ninachopendekeza kwa moyo wote ni mbao zinazopishana. Unalaza mbao tatu za inchi mbili kwa tatu kutoka nguzo hadi nguzo, nguzo zikiachana mita 2.4. Kisha unapiga mbao za inchi moja kwa sita zikisimama, moja upande wa ndani, inayofuata upande wa nje, kila moja ikifunika mwanya wa mwenzake kwa sentimita mbili au tatu kila upande. Aliye nje haoni ndani, upepo unapita. Tena pande zote mbili zinapendeza, hivyo jirani hapati mgongo wa uzio wako, na jambo hilo linajenga ujirani.

Ila mbao za Mafinga zinafika hapa mbichi. Ukizipiga siku ya kununua, kufikia Agosti kila moja imesinyaa na nyingine zimejikunja. Zipange kivulini zikiwa zimetenganishwa kwa vijiti, hewa ipite katikati, uzipe wiki kadhaa. Halafu zipake dawa ya mchwa, na tumia skrubu, misumari inatoka mbao zinapocheza. Chini acha nafasi ya sentimita nane hadi kumi kutoka ardhini. Nafasi hiyo inazuia udongo uliovimba kubeba paneli, na inakuwezesha kuona njia za mchwa zikipanda kwenye nguzo kabla hazijafika kwenye mbao. Kama una kuku, ziba kwa wavu, usizibe kwa udongo wala tofali.

Kwa asiye na hela ya mbao zote sasa hivi, piga nguzo na waya kwanza, panda minyaa ndani yake. Ukanda huu wazee wamezungushia miji yao minyaa tangu zamani: kipande kinachomekwa tu ardhini, kinavumilia ukame, mifugo haiili. Lakini utomvu wake ukiingia jichoni ni hatari kubwa, hata kupofua. Kama una watoto wadogo wanaocheza uani, minyaa ikae upande wa nje ya waya na upogoaji ufanywe na mtu mzima aliyevaa miwani na glavu, au panda bogenvilia, ambayo nayo inahimili jua la hapa ikishashika. Michongoma inataka maji mengi zaidi kuanzia, kwa hapa naiona ya kazi. Mwarobaini ni mti mzuri wa kivuli, ila ukae mbali na mstari wa nguzo, mita tano au sita, kwa sababu ya ile mizizi niliyoitaja.

Maji ya uani nayo yapewe njia. Chimba mfereji mdogo wenye mteremko upeleke maji ya mvua na ya kufulia mbali na mstari wa uzio. Sehemu ya kufulia isiwe chini ya nguzo. Unyevu wa sehemu moja kwa mwaka mzima ndio unaopindisha uzio kuliko hata mvua yenyewe.

Kuhusu mpaka: tafuta bikoni zako zote, yale mawe ya mpaka yaliyowekwa na wapima, kabla ya kuvuta kamba, na mashimo yachimbwe ndani ya mstari wako, zege isivuke kwa jirani. Mwite jirani mwonyeshane, mwenyekiti wa mtaa awepo. Ofisi ya halmashauri waulize kuhusu kibali, hasa kama upande mmoja unagusa barabara.

Ukimaliza, mwaka wa kwanza ndio wa kuangalia. Pitia nguzo zote kwa pima maji mwishoni mwa Februari ardhi ikiwa imelowa, kisha tena Oktoba ikiwa kavu. Mwanya ukijitokeza kati ya zege na udongo wakati wa kiangazi, ujaze kifusi kikavu kilichochekechwa na ukishindilie kabla mvua hazijaanza, maji yasishuke moja kwa moja hadi kitako cha nguzo. Ile inayoinama peke yake kati ya nguzo zilizonyooka, usianze kwa kuilaumu zege. Fuata maji yanatoka wapi.