Gari la zamani linamisi: ijue kwanza silinda mbovu ndipo ununue spea

Mkuu, nimesoma maelezo yako mara mbili. Corolla ya 1994, injini 5A-FE, inamisi, yaani kuna silinda haiwaki. Ikiwa imesimama inaunguruma inatetemeka mpaka usukani, ukipanda mlima inashtukashtuka, na asubuhi yenye manyunyu ndiyo mbaya zaidi. Umeshabadilisha plagi, filta ya mafuta na pampu, hali ni ileile. Sasa fundi anasema injini imechoka, tafuta nyingine. Nakuomba hiyo hela usiitoe kwanza. Nimekaa na injini ya aina hiyohiyo miaka 11, na hapo ulipo nimepita.

Ninalotaka ulishike ni moja tu: usinunue kitu kingine mpaka ujue ni silinda ipi haifanyi kazi. Ukisema "gari linamisi" unashuku gari zima. Ukisema "namba 3 haifanyi kazi" umebakiwa na plagi moja, waya moja, nozeli moja (ile inayopuliza petroli) na valvu nne za kukagua. Hapo hata ukienda dukani unajua unafuata nini.

Washa injini, iache ipate moto, halafu chomoa soketi ya nozeli moja, sikiliza, irudishe, nenda ya pili. Ukichomoa ya silinda nzima, mngurumo unashuka na injini inayumba. Ukifika kwenye silinda mbovu, hakuna kinachobadilika, kwa sababu ilikuwa haichangii kitu tangu mwanzo. Kwenye Corolla hii nozeli ziko nyuma, upande wa dashibodi, kwa hiyo mkono unapenya kwa tabu. Vua saa na pete, na jihadhari na feni. Silinda namba 1 ni ile iliyo upande wa mkanda wa taimingi.

Najua mafundi wengi wanafanya jaribio hili kwa kuchomoa waya za plagi injini ikiwa inawaka. Mimi siungi mkono. Zile ni maelfu ya volti, zinaruka mpaka mkononi. Umeme ukikosa pa kwenda unaweza kuchoma koili, ile inayozalisha umeme wa cheche, na wakati huohuo petroli isiyoungua inamwagika kwenye ekzosi. Soketi ya nozeli ukiichomoa, petroli nayo inakatika, kwa hiyo hakuna unachoharibu.

Sasa nikwambie yaliyonikuta. Ilikuwa masika ya 2016, natoka Tanga kumfuata mama Lushoto. Gari lilikuwa na mtetemo kidogo kwa wiki kadhaa. Gereji moja ya mjini walinibadilishia plagi zote nne, likatulia siku tatu, likarudia. Nikabadilisha filta. Nikasafisha nozeli. Nikaambiwa pampu ya mafuta, nikanunua pampu. Kwenye lami ya tambarare lilikuwa linavumilika, lakini kuanza tu kupanda kutoka Mombo, mvua inanyesha, likawa linakohoa na kupoteza nguvu kila nikikanyaga mafuta. Kabla sijafika Soni nikaona litaniweka porini. Nikageuza, nikashuka polepole mpaka Mombo.

Pale nikaelekezwa kwa mzee mmoja fundi, banda lake la mabati lina meza moja ya mbao. Nikamwamkia, akaitikia marahaba, akasikiliza injini kama dakika moja bila kugusa kitu. Kisha akaniuliza swali ambalo hakuna fundi aliyewahi kuniuliza: "Mwanangu, plagi ulizotoa ziko wapi?"

Bahati nzuri zilikuwa bado kwenye droo ya dashibodi, zimefungwa kwenye kiboksi cha zile mpya. Akazipanga mezani. Tatu zilikuwa na rangi ya kahawia hafifu, ndiyo rangi ya plagi inayochoma vizuri. Ya nne ilikuwa nyeusi kwa chini, na kwenye ile kauri yake nyeupe kulikuwa na mstari mwembamba mweusi, kama umechorwa kwa penseli, kutoka juu mpaka kwenye chuma. Akanipa niushike, akasema nijaribu kuufuta. Haukufutika. Ndiyo njia umeme ulikuwa unapita: badala ya kushuka ndani ukaruke kwenye ncha ya plagi, ulikuwa unateremka nje ya kauri na kuishia kwenye bodi ya injini.

Akachomoa waya ya namba 3 injini ikiwa imezimwa, akaingiza bisibisi ndefu iliyozungushiwa kitambaa kwenye shimo la plagi. Kitambaa kikatoka kinachuruzika oili. Ule mpira wa mwisho wa waya ulikuwa umelainika na kuvimba, na ukiukunja unaona ufa. Kumbe sili za mashimo ya plagi, zile rabari nne zilizo kwenye tapeti kava (mfuniko wa juu ya injini), zilikuwa zimekakamaa kwa miaka, oili inavujia shimoni taratibu, inaula mpira wa waya. Plagi mpya zilitulia siku tatu kwa sababu kauri yake ilikuwa safi. Waya mbovu ikachora mstari mwingine juu ya plagi mpya, ugonjwa ukarudi.

Mkuu, dalili zako zinafanana sana na hizi. Kushtuka kwenye mlima kuna sababu yake. Ukikanyaga mafuta, hewa nyingi inaingia silindani, mgandamizo unapanda, na cheche inahitaji volti kubwa zaidi kuruka. Umeme wenyewe unatafuta njia nyepesi, na kama kuna ufa kwenye waya au unyevu kwenye kepu ya distribyuta (kifuniko cha kile kinachogawa umeme kwa plagi), unapitia huko. Ndiyo maana pia jaribio la kuegesha plagi kwenye bodi ya injini na kuona inatoa cheche halinitoshelezi. Kwenye hewa ya kawaida hata cheche dhaifu inaruka. Ndani ya silinda yenye mgandamizo inaweza kushindwa.

Usiku fanya hivi. Egesha mahali penye giza kabisa, washa injini, fungua boneti, chukua kile kichupa cha kupulizia maji ya nywele, nyunyiza ukungu mwepesi wa maji juu ya waya za plagi na kepu ya distribyuta. Usimwage maji, ukungu tu, na mikono iwe mbali. Waya ikiwa inavujisha utaona vicheche vya buluu vinatambaa juu yake, na injini itaanza kuyumba palepale. Mimi nilipofanya kwa waya zangu nyingine nikagundua na ya namba 1 ilikuwa njiani kufa, nikanunua seti nzima. Ukiwa na mita, pima pia ukinzani wa kila waya; kwa gari hizi haitakiwi kuzidi kilo-omu 25.

Kama giza halioneshi kitu, hamisha. Plagi ya silinda mbovu ipeleke kwenye silinda nzima, ile ya silinda nzima ilete huku, halafu rudia lile jaribio la nozeli. Ugonjwa ukihamia na plagi, umemaliza kazi. Usipohama, hamisha waya kama urefu unaruhusu, kisha nozeli. Kimoja kwa wakati mmoja, tafadhali. Ukibadilisha vitu vitatu pamoja na gari likapona, hutajua kipi kiliponya. Waya zibandike namba kabla hujazichomoa, mpangilio wa kuwaka ni 1-3-4-2, na nimeshaona gari linashinda gereji siku mbili kwa sababu waya mbili zilipishana. Fungua pia kepu ya distribyuta uangalie ndani: kutu nyeupe au kijani kwenye vidole vya shaba, ufa, au rota (kile kinachozunguka ndani yake) iliyoliwa ncha. Ni dakika kumi.

Vitu hivyo vyote vikiwa salama na silinda ni ileile, pima kompresheni, yaani mgandamizo wa kila silinda, tena kabla ya mtu yeyote kukutajia injini nyingine. Chomoa soketi za distribyuta ili injini isitoe moto wala mafuta, toa plagi zote nne, funga geji kwenye shimo la plagi la silinda moja baada ya nyingine, kanyaga mafuta mpaka chini, piga stata mpaka mshale usimame. 4A-FE, ndugu wa injini yako, kitabu chake kinataja psi 191 ikiwa nzima na 142 kuwa kiwango cha chini, na silinda zisipishane zaidi ya 14. Silinda yoyote ikiwa chini sana, mimina kijiko cha oili kwenye lile shimo, pima tena. Ikipanda, ni ringi za pistoni. Isipopanda, ni valvu au gasketi ya silinda hedi. Silinda mbili zilizo jirani zikiwa chini pamoja, shuku gasketi kati yao. Na kama valvu hazijawahi kupimwa nafasi zake, anzia huko, kwa sababu valvu iliyobana haikai sawa na silinda inapoteza mgandamizo bila injini kufa.

Hewa ya wizi, ile inayoingia injini kupitia mpira uliopasuka au kulegea, nayo inamisisha, lakini dalili yake ni tofauti: gari linatetemeka likiwa limesimama na linatulia ukikanyaga mafuta. Kagua mipira yote midogo inayotoka kwenye manifodi pamoja na ule mkubwa wa breki.

Umeuliza kwa nini taa ya injini haiwaki na mashine ya kupimia haisemi kitu. Kompyuta ya gari lako haina uwezo wa kuhesabu silinda iliyokosa kuwaka. Marekani ililazimisha mfumo wa OBD-II, ule wa kompyuta unaogundua silinda isiyowaka, kwa magari ya kuanzia modeli ya 1996, na gari lako ni la kabla yake. Ukiunganisha matundu ya TE1 na E1 kwenye kile kiboksi cha boneti, taa itakumetia kodi (namba za hitilafu) za sensa, lakini waya ya plagi iliyopasuka haina kodi. Usilipe mtu kwa kuchomeka mashine kwenye gari hilo.

Ombi langu lingine ni usiendelee kulitembeza hivyo kwa safari ndefu. Petroli isiyoungua inaosha oili kwenye kuta za silinda na kushuka kwenye sampo, lile bakuli la oili chini ya injini, na inakwenda kuunguzia ndani ya masega ya ekzosi, yale yanayosafisha moshi, mpaka yayeyuke na kuziba. Chomoa stiki ya oili uinuse leo hii. Ikinuka petroli, ukishatengeneza badilisha oili na filta yake.

Mimi mzee wa Mombo alinifutia oili shimoni, akanifungia waya iliyotumika ambayo ilikuwa nzima, nikapanda Lushoto jioni ileile na kurudi na mama. Niliporudi Tanga nikanunua sili nne, gasketi ya tapeti kava na seti ya waya. Plagi, nunua duka linalokuuzia kwa risiti, na pima uwazi wake mwenyewe. Zangu ni milimita 0.8, ila fuata kitabu cha gari lako. Feki ni nyingi.

Anza kwa kuchungulia mashimo ya plagi kwa tochi kesho asubuhi injini ikiwa baridi, halafu weka hapa picha ya plagi zote nne zikiwa zimepangwa 1 mpaka 4, pamoja na zile ulizotoa kama hujazitupa.