Firenze na hela ndogo: ingieni Santa Trinita na sarafu

Swali lenu la wiki, eti mwenye hela ndogo anaweza kuifaidi Firenze (Florence) ya Italia, limenigusa kwelikweli. Mi nasoma Pisa na kila nikiutaja huo mji kuna mtu ananiambia bila euro mia mfukoni usihangaike. Sikubali. Treni ya kawaida kutoka huku ni kama saa moja, ukishuka unatembea kwa miguu mji mzima, maji unajaza bure kwenye bomba pale Piazza della Signoria karibu na sanamu ya Neptune, na hapohapo Loggia dei Lanzi iko wazi, sanamu ya shujaa Perseus aliyoitengeneza Cellini imesimama na kichwa cha lile jitu Medusa mkononi, hulipi hata senti.

Kinachoniuma mimi ni kingine. Kwenye makumbusho ya serikali kijana wa miaka 18 hadi 25 akiwa raia wa Umoja wa Ulaya analipa euro 2, mimi ninayekaa naye dawati moja nalipa bei kamili, na Uffizi, lile jumba maarufu la picha, msimu wa watalii ni euro 25. Jumapili ya kwanza ya mwezi ni bure kwa wote lakini hiyo foleni yake jamani.

Sasa mdogo wangu alipokuja kunitembelea nikampeleka kanisa la Santa Trinita, kuingia bure. Kule mbele kulia kuna kanisa dogo la familia ya Sassetti, yule aliyekuwa meneja wa benki ya Medici, ule ukoo tajiri wa Firenze, na mchoraji Ghirlandaio ndiye kalichora kati ya 1483 na 1485. Ni giza. Kuna kiboksi, unatumbukiza sarafu taa zinawaka kwa muda mfupi halafu zinazima zenyewe, na watu walikuwa wamesimama tu kila mmoja anamsubiri mwenzake atoe. Mdogo wangu akatoa. Ukuta mzima ukafunguka, bluu, nyekundu, Sassetti mwenyewe kapiga magoti upande mmoja wa altare na mkewe upande wa pili. Mdogo wangu macho yake yakaenda kwenye picha ya mtoto anayedondoka kutoka dirishani, akanishika mkono, "kaka, hili jengo si lile la hapo nje?" Ndilo! Palazzo Spini, liko mlangoni kabisa. Taa zikazima. Mzee mmoja wa Kitaliano nyuma yetu akatumbukiza sarafu yake, akatuonyesha na daraja pale kwenye picha, akatueleza taratibu kwamba hilo la kwenye picha si la sasa, na la baadaye Wajerumani walililipua 1944 likajengwa tena. Tulikaa humo mpaka sarafu zikaisha, tukatoka nje tukalitazama lile jengo dirisha kwa dirisha.

Kwa hiyo nilianza kuandika nikitaka kusema Uffizi si lazima. Ila nikifikiria vizuri, mimi naweza kurudi Jumamosi yoyote, ndo maana naongea hivi. Anayetoka Dar au Mombasa, ada ya visa peke yake ni euro 90 na ukinyimwa hairudi, bado tiketi ya ndege. Huyo simshauri aje kubana matumizi mlangoni. Bora asubiri mwaka mwingine aongeze akiba, akifika alipe hiyo 25 ya Uffizi akaone picha za Botticelli, labda kama safari yake itaangukia ile Jumapili na miguu yake inavumilia foleni. Santa Trinita apite vilevile, na sarafu.