Barua kwa mwanangu: ankara ya mlango wa Maskati

Mwanangu mpenzi,

Asalaam aleikum. Ujumbe wako wa sauti nimeusikiliza mara tatu, ya mwisho nikiwa barazani na kalamu mkononi. Mteja wa Maskati ameupenda mlango wa mbambakofi, bei ya shilingi 310,000 ameikubali, ila ankara anataka kuilipa kwa USDT, sarafu ya kidijitali, kwa kuwa benki, asema, humchelewesha na kumkata. Waniuliza umkubalie au umkatalie. Tena waniuliza kama ukizipata uziache humo humo zizae.

Mkubalie. Lakini zisilale kwako hata usiku mmoja.

Miaka 26 nilishika hesabu katika ofisi ya kutoa mizigo pale Kilindini, na biashara nilizoziona zikifa nyingi zilikuwa na wateja tele. Mwenyewe ndiye hakujua ana nini mkononi. Mlango wako umekula shilingi. Mbao umenunua kwa shilingi, mafundi wako wawili wanangoja Jumamosi walipwe shilingi, na mwenye karakana hapokei kingine. Basi ankara iandike kwa shilingi. Chini ya jumla weka mstari mmoja: italipwa kwa USDT kwa kiwango cha saa ya kulipa, na kiwango hicho kitasimama nusu saa tu. Na kiwango chenyewe kisiwe kile unachokiona ukitafuta kwenye simu. Kiwe kile utakachopata wewe ukiuza, makato yakishatoka. Hapo ndipo vijana wengi wanapopunjika.

Angetaja Bitcoin ningekwambia umkatalie. Novemba 2021 moja ilifika karibu dola 69,000. Novemba iliyofuata ilikuwa chini ya 16,000. Mlango uliolipwa siku ile ya kwanza, ukaziweka, mwaka ukiisha umebaki na chini ya robo ya bei yake. USDT imefungwa kwenye dola, ndiyo maana naikubali, lakini usiilalie. Machi 2023 mwenzake, USDC, ilishuka chini ya senti 90 kwa sababu sehemu ya akiba yake ilikuwa Silicon Valley Bank, benki ya Marekani iliyoanguka siku hizo. Baada ya siku chache ilirudi, sawa, lakini kama ndiyo Jumamosi ya mafundi wako ungewaambia nini? Hata dola yenyewe, baba, mwanzoni mwa 2024 ilipita shilingi 160 za Kenya, na kufika katikati ya mwaka ilikuwa karibu 129. Aliyekaa nazo akingoja zipande alipoteza zaidi ya shilingi 30 kwa kila dola bila kuibiwa na mtu.

Sasa nikukumbushe jambo. Nilipokuwa na meza ya leso kule Kongowea, mtu mmoja alichukua jozi 12, akabonyeza simu yake mbele yangu, na yangu ikalia papo hapo. Jina langu limo, kiasi kimo, hata salio limeandikwa. Nikamfungia mzigo vizuri na mfuko nikampa. Jioni nahesabu, hakuna kilichoongezeka. Kuutazama tena ule ujumbe, umetoka kwenye namba ya mtu, si kwenye jina la huduma. Kilichonidanganya ni ule mlio wa simu tu, sikutazama salio la kweli. Usiku ule sikula.

Kwa hiyo mteja akikuletea skrinishoti, mshukuru, halafu fungua pochi yako mwenyewe ya USDT simuni. Ona salio, kisha ichukue namba ya muamala uitafute kwenye daftari la wazi la mtandao ule, ambalo yeyote duniani aweza kulisoma, uone kama umethibitishwa. Kagua pia kwamba ni USDT ya kweli, maana zipo za bandia zenye jina lilelile na thamani hazina. Mlango usipande lori kabla ya hapo.

Kuna na suala la njia. USDT hupita kwenye mitandao kadhaa, na muafikiane kwa maandishi ni upi. Anwani za pochi za mtandao wa Tron huanza na T, za Ethereum huanza na 0x. Akituma kwa njia ambayo pochi yako haiipokei, zaweza kupotea na hakuna dirisha la kwenda kulalamika. Na ukitumia Tron kwenye pochi yako mwenyewe, weka TRX kidogo, sarafu ya mtandao huo ya kulipia ada ya kutuma, la sivyo pesa utaziona na kuzitoa hutaweza.

Wakumbuka nilivyokuwa nikisoma namba za makontena kwa sauti hata nyumbani? Herufi 4, tarakimu 7, na ile ya mwisho hupigwa hesabu kutokana na zilizotangulia ili kosa lijulikane. Kosa moja, na mzigo wa mtu unasemekana haupo. Anwani isome hivyo hivyo, yote, si mwanzo na mwisho tu. Wezi hutengeneza anwani inayofanana na yako kwenye ncha mbili, wakakutumia vijisenti ili ikae katika orodha ya miamala yako, wakingoja siku utakayoinakili kutoka pale. Mwombe mteja atume dola 5 kwanza. Zikifika, atume zilizobaki.

Akituma zaidi ya ankara kisha akakuomba ziada uipeleke kwenye anwani ya mtu mwingine, usifanye. Ziada irudi ilikotoka, na mkataba useme hivyo. Na ukienda kuuza mtu kwa mtu, jina la anayekutumia shilingi lifanane na jina la akaunti unayouziana nayo. Pesa ya wizi ikipita kwako, akaunti itakayofungwa ni yako.

Serikali nayo imeshaingia. Oktoba 2025 Rais alitia saini sheria ya watoa huduma za mali za kidijitali, inayowaweka chini ya Benki Kuu na Mamlaka ya Masoko ya Mitaji. Sarafu hizi hazijawa fedha halali kwa hilo, na wewe hulazimiki kuzipokea. Ile kodi ya asilimia 3 ya mali hizi iliyoanza Septemba 2023 iliondolewa mwaka 2025. Kuna ushuru wa asilimia 10 juu ya ada ya anayekubadilishia. Mauzo yako lakini ni mauzo, na KRA, watu wa kodi, watayataka kwa shilingi. Mali bila daftari hupotea bila habari: andika tarehe, saa, kiwango, namba ya muamala, na shilingi ulizopata. Risiti ya eTIMS, ule mfumo wa KRA, uitoe kama kawaida.

Yale maneno 12 ya siri yanayofungua pochi yako yaandike kwa mkono kwenye karatasi mbili. Usiyapige picha, usimtumie mtu, hata mimi kwa simu. Njoo nayo moja Ijumaa baada ya sala. Nimekutolea nafasi kabatini, pale penye hati ya kiwanja. Uje na picha ya nakshi ya kizingiti cha juu, nataka kuiona kabla haijavuka bahari.

Mama yako