Ardhi Kavu Isikudanganye: Ushauri kwa Mgeni wa Oklahoma

Nilihamia Oklahoma City mwaka 2011, ukame ukiwa umeshika kweli kweli. Msimu wa tonado, ule upepo mkali unaozunguka kama nguzo kutoka mawinguni, wa 2012 ulipopoa mapema baada ya Aprili, mimi dereva wa lori nikajifanya mtabiri: ardhi imekauka, dhoruba zitapata wapi maji? Tonado hakuna. Tarehe 20 Mei 2013, magharibi mwa jimbo bado kukiwa kukavu, tonado ikapita Moore, pua na mdomo na kwetu, ikaua watu 24. Nilikuwa barabarani na tela tupu, sina hata redio ya hali ya hewa.

Kosa langu lilikuwa hapa. Unyevu mwingi unaolisha dhoruba za majira ya kuchipua hautoki shambani. Unatoka Ghuba ya Mexico, ukiletwa na upepo wa kusini. Mashamba huongeza kidogo tu: ngano ikiwa kijani mwezi Aprili hutoa mvuke, ikikauka haitoi kitu. Kazi kubwa ya udongo iko kwenye joto. Ukiwa na maji, jua hutumika kuyageuza mvuke. Ukiwa mkavu, karibu joto lote huishia hewani. Hewa hiyo ya moto ikisukumwa kutoka magharibi hulala juu ya hewa yenye unyevu, kama kifuniko juu ya sufuria ya maharage. Mara nyingi kifuniko hushinda, siku inapita na jua lake. Kikishindwa, mnajua maharage yanavyofurika.

Halafu kuna mpaka kati ya hewa kavu na hewa ya Ghuba, ambapo dhoruba nyingi huzaliwa. Mchana mpaka huo husogea mashariki, na ardhi ya magharibi ikiwa kavu husogea mbali zaidi. Kwa hiyo ukame wa Amarillo, mji wa Texas ulio magharibi mwetu, unaweza kumpunguzia dhoruba mtu wa Amarillo, zikamwangukia wa mashariki. Mwaka 2011 Texas ilikuwa inaungua, na tarehe 22 Mei tonado ikaua watu zaidi ya 150 Joplin, Missouri. Sisemi lile lilizaa hili. Nasema ukame wa huku haumlindi mtu wa kule.

Siku hizi kuanzia Machi naangalia ramani ya ukame inayotoka kila Alhamisi, pamoja na vituo vya Mesonet, mtandao wa vituo vya hali ya hewa wa Oklahoma, vinavyopima unyevu wa udongo sentimita 5, 25 na 60 chini. Kukiwa kukavu, najiandaa kwa vumbi na kwa ule upepo unaoporomoka kutoka mawinguni mvua inapokaukia njiani. Tela tupu huulalia ubavu. Vumbi likikukuta barabara kuu ya I-40, toka nje kabisa ya barabara, zima taa zote, ondoa mguu kwenye breki. Ukiacha taa, wa nyuma atazifuata akidhani unatembea. Lakini ramani hizi ni za msimu. Siku yenyewe, onyo likitoka, hakuna cha ukame wala masika: ingia ndani. Na chini ya daraja usijifiche, upepo hukaza zaidi pale.

Ukame ukikatika ndipo watu husahau shelta, chumba cha chini ya ardhi cha kujikinga na tonado. Mei 2015 ilikuwa na mvua kuliko mwezi wowote katika rekodi za Oklahoma, na mtu mmoja Oklahoma City alikufa maji ndani ya shelta aliyokimbilia. Ya kwetu iko chini ya gereji. Kila baada ya mvua kubwa nafungua mlango, namulika tochi, natazama sakafu.