Hatukulipa kitu mpaka barua ya pesa ilipokuja

Salaam mhariri na wasomaji wenzangu. Swali lenu la wiki limeuliza hivi: wazazi mlioko Marekani, mtoto kashapata chuo lakini FAFSA imechelewa au imekosewa, mnafanyaje? Mimi binti yangu alimaliza sekondari 2024, mwaka ambao kila mzazi wa hapa anaukumbuka, na jibu langu ni kwamba tuligoma kulipa hata senti chuoni mpaka tuone barua ya pesa, ile ya chuo inayoonyesha watamsaidia kiasi gani, mtoto akanuna, tukamwacha anune.

Kwa mlioko nyumbani, FAFSA ndo fomu ya serikali ya kuomba msaada wa kusoma chuo, bila hiyo hupati ruzuku ya Pell (mwaka ule ilikuwa mpaka dola 7,395 na hairudishwi) wala mkopo wa serikali, na vyuo vingi vinaitumia pia kugawa hela zao wenyewe. Kawaida inafunguliwa Oktoba 1. Mwaka ule walikuwa wameibadilisha yote ili maswali yapungue, jambo zuri kabisa, ila ikaja kufunguliwa Desemba 30, 2023, tena kwa kudonoa donoa, inafunguka kidogo inafungwa, watu wanaamka usiku kuichungulia. Mwisho wa Januari wizara ya elimu ikasema vyuo havitapata taarifa za watoto mpaka Machi, eti hesabu ya kupima uwezo wa familia haikuwekewa mfumuko wa bei, lazima irekebishwe kwanza. Machi ikafika, zikaanza kutumwa, kumbe fomu kama laki mbili zimepigiwa hesabu vibaya, zirudiwe. Waliozaliwa mwaka 2000 walikuwa wanajaza wakifika mahali fomu inawagomea tu. Na wazazi wasio na namba ya Social Security, ile namba ya serikali ya kazi na kodi, hata kama mtoto kazaliwa hapa hapa ni raia kamili, walikwama mpaka Machi. Yaani kila ukisikia yameisha yanaanza upya.

Sisi tulitoka kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, Tanzania, sasa tuko Louisville, Kentucky, mimi napakia mizigo usiku na mama watoto anapika hospitali. Zamani mtoto alikuwa anajaza karibu kila kitu, wewe baba unaulizwa tu W2, karatasi ya mshahara wa mwaka, iko wapi halafu unarudi kulala. Fomu mpya ikataka mzazi awe na akaunti yake mwenyewe, imeili yake, simu yake, na akubali mwenyewe IRS, watu wa kodi, watoe taarifa zake za kodi (kama mnajaza kodi pamoja mmoja anatosha, hilo wengi hawakuambiwa wakahangaika wawili). Akaunti yangu ikakataa, taarifa hazilingani. Nina majina matatu na kwenye karatasi za safari yalipangwa wanavyojua wao, kwenye kadi ya Social Security la mwisho limekaa katikati, kwenye leseni mawili yameungana limekuwa jina moja refu ambalo hakuna mtu kwetu anaitwa hivyo. Tarehe ya kuzaliwa ndo haikusumbua, mimi ni Januari mosi kama nusu ya kambi.

Tukapiga simu ya msaada. Binti anaweka spika mezani, mimi nimetoka kazini sijalala, muziki unapiga weee, mara kimya, imekata. Siku ilipopokelewa yule mama wa upande wa pili akasema hawezi kuongea na mtoto mambo ya akaunti ya baba, baba ajibu mwenyewe. Basi binti ananong'ona Kiingereza pembeni na mimi narudia kama kasuku, herufi moja moja ya jina langu, na mama watoto kasimama jikoni anacheka mpaka anajishika tumbo. Baadae Septemba 2024 wakaguzi wa serikali, GAO, wakatoa ripoti kwamba kwenye miezi mitano ya kwanza zilipigwa simu milioni 5.4 na milioni 4 hazikupokelewa kabisa. Nilimwonyesha mke wangu ile habari, maana yeye muda wote alikuwa anasema sisi ndo hatujui kupiga.

Kilichotutoa pale siyo simu, ni kubeba kadi zote na kwenda dirishani kwenye ofisi zinazotoa kadi hizo kunyoosha jina, alafu kaunsela wa shule akakaa na sisi mchana mmoja tukatuma fomu. Ikaonyesha kosa dogo. Kulisahihisha mtandaoni haikuwezekana mpaka Aprili, sehemu ya kusahihisha ilikuwa bado haijafunguliwa, so tukabaki tunaitazama tu.

Sasa hapo ndo penyewe. Chuo alichokitaka, cha mbali, sikitaji, kilishamkubali zamani na kilikuwa kinamtumia imeili kila wiki alipie kushika nafasi, mwisho Mei 1. Wenzake wanavaa fulana za vyuo vyao, yeye anatuambia dipoziti ni hela ndogo tulipe tu mengine yatajulikana. Mimi nikasema hapana, siwezi kununua kitu ambacho muuzaji mwenyewe hajajua bei. Vyuo vingi mwaka ule vilisogeza tarehe, wengine Mei 15 wengine Juni 1, hiki hakikusogeza, lakini tulipoandika imeili fupi kwa ofisi yao ya msaada wa fedha, kwamba mtoto anataka kuja, FAFSA tulituma tarehe fulani, tunaomba muda mpaka barua itoke, wakakubali siku ya pili tu. Wazazi wengi wanaogopa kuomba, wanaona mtoto atanyang'anywa nafasi. Ombeni, na iwe kwa maandishi.

Wakati huo huo tukamwandikisha nafasi kwenye chuo cha jimbo cha hapa karibu, na pesa ya KEES, ufadhili wa jimbo la Kentucky, ilikuwepo, inatokana na maksi za sekondari wala haingojei FAFSA. Kila jimbo lina mambo yake, ulizeni shuleni.

Barua ya kile chuo cha mbali ilipokuja ilikuwa inapendeza kweli, chini kabisa imeandikwa msaada jumla kiasi gani, binti akaruka. Mimi nikaomba tuisome mstari kwa mstari. Mkopo wa serikali wa mwanafunzi mwaka wa kwanza, kama bado anahesabiwa chini ya wazazi, mwisho ni dola 5,500. Kile kingine kikubwa pale kilikuwa Parent PLUS, mkopo wa jina langu mimi, nitakaolipa mimi na riba yake, nao umejumlishwa humo humo kwenye msaada! Tukiutoa huo msaada wenyewe ulikuwa nusu, na kama tungelipa mwezi wa nne tungekuwa tayari ndani. Alienda chuo cha karibu, analala nyumbani, saa hii yuko anasoma na wala hanuni tena, ananidai gari.

Jambo moja kwa mnaojaza sasa hivi. Fomu inatumia kodi ya miaka miwili nyuma, ile ya 2024-25 ilisoma mapato ya 2022. Kama tangu hapo umepunguziwa masaa, kazi imeisha, mmeachana au mnalipa matibabu makubwa, hiyo fomu haijui, na hata ikienda bila kosa lolote itakuonyesha una hela ambazo huna. Ofisi ya msaada wa fedha ya chuo inaruhusiwa kisheria kukuangalia upya, ila mpaka uombe. Wanaweza kutaka barua ya mwajiri, cheki stabu (karatasi za malipo ya mshahara) za karibuni, karatasi za hospitali. Kila chuo unaomba chenyewe, kimoja kikikataa kingine kinaweza kukubali.